Kabla ya kulipa, omba kuona barua imetoka

Hapa Kindu barua pepe isipotoka tunaambiwa rezo ni mbaya. Si kila mara. Umeme ukikatika na betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikiwa imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Hapo Thunderbird inakataa kuungana na seva, kwani cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kazi. Rekebisheni tarehe kwanza. Picha za vitambulisho nazo ni nzito: Gmail haitumi barua yenye viambatisho vinavyozidi MB 25, basi zigawanywe.

Jamaa iliyokimbia vita ikingojea jibu la msaada, haijui kama ombi lake bado limelala ndani ya mashine. Mimi naona anayetutumia barua atuonyeshe kwanza kwamba imeingia kwenye “Envoyés”, ndipo apokee franka zake.