Kufyatua na Kufyatuka

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko England akisomea shahada ya uzamili, ameniandikia akitaka nimfafanulie sentensi moja ya Kiingereza. Si sentensi ya Shakespeare wala ya mwanafalsafa yeyote. Ni kifungu cha Sheria ya Silaha ya Uingereza ya mwaka wa 1968. Mchezaji mwenzake anataka kumuuzia bunduki ya rangi iliyokwisha kutumika, yenye uwezo wa kufyatua kwa namna nne, na amemwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa hicho ni chombo cha mchezo tu. Mimi si wakili. Hata hivyo, naona kijana huyu hakukosea kumwendea mwalimu wa isimu, maana tatizo lililo mbele yake ni la maana ya maneno, na gharama ya kuyaelewa visivyo yaweza kuwa kifungo cha miaka isiyopungua mitano.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, timu mbili huwindana msituni au uwanjani kwa bunduki zinazosukuma vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa au ya gesi ya kaboni. Kidonge kina ganda laini la gelatini, nacho hupasuka kikimgusa mtu. Aliyepakwa rangi hutoka. Ulichezwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1981 huko Henniker, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, kwa vifaa vilivyokuwa vimeundwa kutia alama kwenye miti na ng'ombe. Ndiyo sababu wachezaji hawapendi kukiita chombo chao bunduki. Hukiita kitia alama. Ni tafsida njema, lakini sheria haimuulizi mtu amekipa chombo chake jina gani.

Sheria huuliza maswali mengine. La kwanza: je, hiki ni chombo chenye mtutu, kiwezacho kuua? Kwa miaka mingi neno hilo 'kuua' halikuwa na kipimo sheriani, na majaji walilipima kwa busara zao. Katika kesi moja ya mwaka wa 1960 iliyohusu bunduki ya hewa, mahakama ilishikilia kwamba si lazima chombo kiwe kimeundwa kwa ajili ya kuua. Yatosha kwamba kinaweza kumjeruhi mtu jeraha liwezalo kumletea kifo. Wakati huo mchezaji wa rangi angaliweza kusimama kizimbani na kudai kwamba kidonge kinachopasuka hakimuui mtu. Sheria ya Polisi na Uhalifu ya mwaka wa 2017 iliufunga mlango huo. Sasa kila chombo cha mtutu kinachorusha kitu kwa nguvu inayozidi jouli moja, ikipimwa mdomoni mwa mtutu, kinahesabiwa kuwa kinaweza kuua. Kidonge cha rangi kina uzito wa gramu 3 hivi, na viwanja vingi huruhusu mwendo usiozidi futi 300 kwa sekunde. Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha pili atakokotoa na kupata jouli 12 au zaidi kidogo. Hoja ya ganda laini imekwisha.

Hata hivyo, bunduki ya hewa isiyo na nguvu za kupita kiasi haihitaji cheti cha polisi nchini England, na tangu mwaka wa 1997 zile zinazotumia gesi ya kaboni huhesabiwa pamoja na za hewa. Kwa hiyo mchezaji mwenye bunduki ya kawaida, inayotoa kidonge kimoja kwa kila mbonyezo, yuko salama. Hatari iko katika kifungu cha 5, kinachotaja silaha zilizopigwa marufuku. Kifungu hicho hakisamehe silaha kwa sababu ni ya hewa.

Na hapa ndipo ninapofika nyumbani kwangu, kwenye sarufi. Mwaka wa 1968 silaha iliyopigwa marufuku ilielezwa kuwa ni ile ambayo kifyatulio chake kikibonyezwa, risasi huendelea kutoka mpaka kidole kiondolewe au risasi ziishe. Maelezo hayo yaliuchora mzinga wa rashasha barabara. Lakini yaliacha tundu. Silaha inayotoa risasi tatu kisha ikanyamaza, ilhali kidole bado kimekaza na risasi bado zimo, haikuingia katika maneno hayo. Baada ya mauaji ya watu 16 katika mji wa Hungerford mnamo Agosti 1987, Bunge liliirekebisha sheria mwaka wa 1988, na tundu hilo likazibwa pia. Tangu hapo imepigwa marufuku silaha iliyoundwa au kurekebishwa hivi kwamba yaweza kutoa risasi mbili au zaidi kwa kufuatana bila ya kifyatulio kubonyezwa tena.

Kiswahili, kwa bahati, kinaweza kuieleza tofauti hii kwa silabi moja. Kuna kufyatua na kuna kufyatuka. Anayefyatua ni mtu. Kinachofyatuka kimetoka bila ya kutajwa mtendaji. Sasa tuzitazame zile namna nne. Katika namna ya kwanza, kila kidonge kimefyatuliwa, na sheria haina neno. Katika ya pili, mbonyezo mmoja hutoa vidonge vitatu: kimoja kimefyatuliwa, viwili vimefyatuka. Katika ya nne, kidole kinakaa tu na vidonge vinamiminika. Hizi mbili hazina ubishi.

Ya tatu ndiyo iliyomsumbua mwanafunzi wangu. Mchezaji hubonyeza haraka haraka, na akishafikia kasi fulani, saketi ya elektroniki huanza kumwongezea vidonge ambavyo hakuvibonyezea. Wachezaji husema: lakini nimebonyeza tena na tena, sheria inataka nini zaidi? Nadhani hoja hiyo inasoma nusu ya sentensi. Sheria haiulizi kama mchezaji alibonyeza mara nyingi. Inauliza kama kati ya mbonyezo na mbonyezo chaweza kutoka kidonge cha pili. Kikitoka, kimefyatuka. Zipo hata bunduki zinazotoa kidonge kimoja kidole kikibonyeza na kingine kikiachilia. Kuachilia si kubonyeza, kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Muuzaji anasema namna hizo tatu zimezimwa. Huenda ni kweli. Lakini kitenzi kilichotumika ni 'kuweza'. Ikiwa mwenye bunduki anaweza kuziwasha kwa kubonyeza vidude viwili vitatu, sioni jinsi atakavyomwambia hakimu kwamba bunduki yake haiwezi.

Sisemi kwamba marufuku yenyewe haina maana. Jouli 12 zikilipata jicho lisilo na kinga zaweza kulipofua, na vidonge vinavyomiminika havimpi mtu nafasi ya kujificha. Ninacholalamikia ni mizani. Tangu Januari 2004 mtu mzima anayepatikana na silaha ya aina hii hukabiliwa na kifungo cha miaka mitano kwa uchache, isipokuwa hakimu aone mazingira ya kipekee. Adhabu hiyo ilikusudiwa watu wenye silaha za kivita. Bunge lile lile, mwaka wa 2017, liliwakumbuka wachezaji wa bunduki zinazorusha punje za plastiki. Likaandika waziwazi kwamba punje isiyozidi milimita 8 yaweza kurushwa kwa mfululizo almradi nguvu isizidi jouli 1.3, na jouli 2.5 ikiwa ni moja moja. Kidonge cha rangi kina upana wa milimita 17 hivi, kwa hiyo msamaha huo umempita mchezaji wa rangi. Huyu ameachiwa aunganishe vifungu vya miaka mitatu tofauti ndipo ajue kama ni mwanamichezo au mhalifu. Walioweza kuandika aya moja kwa ajili ya plastiki wangaliweza kuandika ya pili kwa ajili ya rangi, na kuweka adhabu inayolingana na kosa.

Walimu wenzangu wasidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, ilirithi kutoka Uingereza maneno yale yale kuhusu chombo chenye mtutu kiwezacho kuua, na darasa la semantiki lingeweza kukaa nayo kwa wiki nzima.

Nimemjibu mwanafunzi wangu kwamba asiinunue bunduki hiyo, atafute isiyojua namna nyingine ila ile ya kwanza. Amenijibu jana kwamba muuzaji ameteremsha bei.