Kibali cha Ujenzi Kiseme Mbao Zitaishia Wapi

Makamanda, leo siongelei tume ya uchaguzi. Naongelea kuni.

Pita jioni kwenye saiti yoyote ya ujenzi au ubomoaji hapa Dar. Utakuta vipande vya mbao vimerundikwa pembeni: vya kenchi, vya fremu za milango, vya kushikia zege. Mama lishe anachukua kwa ajili ya jiko, kijana wa chipsi naye anachukua, mfuga kuku anabeba gunia la maranda. Mkandarasi kasafishiwa saiti bure. Kila mtu anaona kapata.

Shida imo ndani ya mbao. Nyingi za kenchi zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa iliyotumika sana kwa miaka mingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo inayozipa ule ukijani, ingawa zikikaa juani miaka mingi hugeuka kijivu kama nyingine. Aseniki ni sumu na inasababisha saratani. Ukiichoma mbao hiyo, sehemu ya aseniki inapanda na moshi, inayobaki inakaa kwenye majivu. Majivu hayo hayo tunasugulia sufuria na kumwaga kwenye mchicha. Marekani, viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Bado kuna mbao za zege zilizopakwa oili chafu, na milango ya zamani ambayo rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi.

Sasa wakubwa wakilikumbuka jambo hili watafanyaje? Tunawajua. Watatuma mgambo akamwage sufuria ya mama lishe. Hapo ndipo nakataa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za taka hatarishi nazo zipo. Mzigo ni wa anayezalisha taka, si wa anayeziokota kwa sababu bei ya mkaa imemshinda.

Mahakama nayo ilishasema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki halmashauri ya jiji kwa kumwaga na kuchoma taka jirani na makazi yao. Walishinda. Jiji liliporudi kuomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa na kukumbusha Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi. Kesi hiyo ya Joseph Kessy tunaisoma darasani mpaka leo. Watu wale hawakuwa hata na simu za mkononi.

Dai letu liwe dogo, linaloshikika. Kibali cha ujenzi cha jirani yetu nimekisoma chote: kinataja ramani na mipaka ya kiwanja, mbao hakizigusi. Tudai sharti moja liongezwe. Mwenye jengo atenganishe mbao zenye dawa, rangi au oili, asizigawe kama kuni, na halmashauri iseme kwa maandishi zinapelekwa wapi. Kuzitupa tu dampo la wazi si jibu. Likishika moto, moshi ni ule ule. Mbao iliyo nzima irudi kwenye uzio, isiende jikoni.

Kuna atakayesema tudai Katiba mpya kwanza. Naidai pia. Lakini tunaitaka ya nini, kama si kumlinda mama anayeshinda kwenye moshi tangu alfajiri?

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nyoosha mkono. Muulize mwenyekiti: mbao za saiti ile zinakwenda wapi? Hakikisha swali lako na jibu lake vinaingia kwenye muhtasari. Asipojibu, muhtasari huo ndio kiambatisho cha kwanza cha barua yetu kwa mkurugenzi.