Unaoga Wapi? Swali Linalokisaka Kichocho Pemba

Kichocho cha mkojo ni maradhi yanayoweza kuanza kutafutwa kwa kuuliza tu. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa wilaya ya Kilosa, Tanzania Bara, ambamo walimu walipelekewa fomu, watoto wakaulizwa maradhi waliyoyapata karibuni. Kichocho kilichanganywa na mengine ili wasibahatishe jibu linalotakiwa. Majibu yalionesha shule za kuanza kupimwa.

Pemba inahitaji maswali ya aina hiyo zaidi leo kuliko zamani, kwa sababu kichocho kimepungua sana. Kilipoenea kisiwa kizima, kumgawia kila mtu dawa ya prazikwanteli kulikuwa na maana. Sasa kimejificha katika vijito na madimbwi machache, na dawa hiyo inayoua minyoo mwilini haimkingi mtoto akirudi majini, ambako vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi.

Mradi wa SchistoBreak uliendeshwa kati ya 2020 na 2024 kaskazini mwa Pemba, kwa kushirikiana na maabara ya Ivo de Carneri ya Wawi. Katika shehia zenye wagonjwa wachache, aliyekutwa na kichocho aliulizwa maji anayoyatumia. Jibu lake liliwafikisha watafiti kwenye kijito chenyewe; wakasaka konokono, wakawapima wengine waliokitumia.

Swali lina mipaka. Binti huweza kuona haya kusema anaumwa, na maambukizi mepesi hayaonekani kwa macho. Hapo kipimo hakina mbadala. Swali huonesha kipelekwe wapi.

Linalosahaulika ni swali la pili: kwa nini unaoga huko? Katika utafiti mkubwa wa Unguja na Pemba uliomalizika 2017, wanafunzi, walimu na wazazi wa baadhi ya shehia walishirikishwa kulijibu. Ikazaliwa michezo salama mbali na maji, vyoo vya kukojolea skuli na sehemu za kufulia. Mahubiri ya kuwakataza watoto kuoga mtoni yasingezaa hayo.

Wizara ya Afya na Wizara ya Elimu za Zanzibar zianze na karatasi moja. Kila muhula mwalimu wa darasa awaulize wanafunzi wanaoga wapi na kwa nini, na majibu yafike kituo cha afya cha karibu wiki hiyohiyo. Watoto wakisema mfereji wa kijijini hautoi maji, nakala ipelekwe Mamlaka ya Maji Zanzibar, nayo itoe tarehe ya kuutengeneza.