Mwendaji Tangier Aache Siku ya Upepo

Mpwa wangu anayesoma London amenitaka ushauri. Anataka kwenda Tangier, Morocco, kwa gari la moshi na feri, bila ya kupanda ndege. Nia yake ni kuuona mji aliozaliwa Ibn Battuta, yule aliyefika kwetu Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akaisifu misikiti yetu ya mbao. Nia njema, na dua nimemwombea. Lakini ratiba aliyoniletea, wallahi, ni ya mtu anayefukuzwa: siku nne!

London mpaka Paris, kupitia chini ya bahari, ni mwendo wa saa mbili na ushei. Hapo hapana shida. Lakini Paris sharti ahame stesheni, kutoka Gare du Nord aende Gare de Lyon, naye kajiachia dakika arubaini, na masanduku juu yake. Kisha ni karibu saa saba mpaka Barcelona, halafu Madrid, halafu Cordoba.

Cordoba ndipo tulipogombana, kwani kaipa saa mbili. Msikiti ule ulianzwa kujengwa mwaka 785, zama za Abdulrahman wa Kwanza. Tangu 1236 ni kanisa, na Muislamu haruhusiwi kuswali ndani yake. Sasa mtu aingie, aitazame mihrabu, atoke mbio kuwahi treni? Hata huzuni inataka nafasi yake. Na Granada kaiacha kabisa! Huko majumba ya Alhamra huingiwa kwa saa iliyoandikwa kwenye tikiti, nayo tikiti hununuliwa mapema. Mkabala wake, mtaani Albaicín, pana msikiti uliofunguliwa mwaka 2003. Angeweza kuswali Ijumaa hapo.

Ama bahari, yeye kaandika “feri” tu, kama kwamba ni Likoni. Feri za Algeciras hushusha watu Tanger Med, kiasi cha kilomita 40 nje ya mji. Za Tarifa huingia mjini penyewe, mwendo wa saa moja hivi. Lakini Tarifa haina reli, kwa hivyo kutoka Algeciras atapanda basi. Tena Tarifa ni mji wa pepo. Ukivuma sana ule wa mashariki, ambao Wahispania huuita levante, feri husimama. Babu zetu walingoja kusi na kaskazi kwa miezi. Sisi wajukuu tunashindwa kuuwekea upepo siku moja?

Linalonitisha zaidi ni viza, na hili nawaambia wazee wote wenye vijana huko. Kibali cha kukaa Uingereza hakimfungulii Mkenya mlango wa Ufaransa wala Hispania. Ni lazima awe na viza ya Schengen. Na akishavuka kwenda Morocco ametoka Schengen. Ikiwa viza yake ni ya kuingia mara moja, imekwisha pale pale bandarini, na njia aliyoendea hataweza kurudia. Aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, kisha aulizie na ya Morocco, kabla hajalipia hata tikiti moja.

Jana kaniandikia: “Mjomba, Cordoba nimeipa siku mbili, Granada siku mbili, na Tarifa siku moja ya akiba.” Habari ya viza hakuigusa.