Faili la Mgonjwa Si Daftari la Daktari

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama mkubwa aliyehamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Muuguzi aliyetupokea alifungua faili, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza mimi nisiyejua lolote la tiba: "Baba, hizi ni namba za nini?" Palichorwa mstari wa mlalo, vijistari viwili vya wima vikiukata, na panda upande wa kulia, mfano wa mfupa wa samaki. Ndani yake zilikaa namba saba bila majina, bila vipimo, bila saa ya kuchukuliwa damu. Vipimo vikarudiwa, nasi tukalipa upya.

Mchoro huo hutumiwa sana na madaktari wa Marekani, na wanafunzi wetu wa udaktari huukuta katika vitabu na video za huko. Kwa kanuni yake, juu ya mstari huandikwa sodiamu, kloraidi na urea. Chini yake potasiamu, bikaboneti na kreatinini. Sukari hukaa kwenye panda. Kwa daktari anayezunguka wodini na karatasi mfukoni, ni njia ya mkato yenye akili. Ibaki mfukoni, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza inapohamia kwenye faili.

Watetezi wake husema kila daktari anaijua. Lakini faili halisomwi na madaktari peke yao. Husomwa na muuguzi, mfamasia, na mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye damu iliyopimwa.

Isitoshe, mchoro huu umezoeleka pamoja na vipimo vya Marekani. Huko sukari ya kawaida huandikwa 90, urea (wao hupima nitrojeni iliyomo ndani yake) huandikwa 14, na potasiamu 4 au 5. Namba hizo zinajitambulisha zenyewe. Zikibadilishana nafasi, jicho la mzoefu linashtuka. Maabara zetu nyingi hutumia milimoli kwa lita. Kwa kipimo hicho, sukari ile ile ya 90 ni 5, na urea ile ile ya 14 ni 5. Potasiamu nayo yaweza kuwa 5. Namba tatu zinazofanana katika mchoro mmoja, na hakuna jicho litakaloshtuka.

Sasa tuseme moja kati ya hizo ni 6.5. Ikiwa ni sukari baada ya chakula, haimtishi mtu. Ikiwa ni potasiamu, ni dharura: moyo unaweza kwenda mrama hata kusimama, na mojawapo ya tiba zake ni insulini pamoja na glukosi. Je, hukumu hiyo tuiachie nafasi ya namba katika mchoro uliochorwa usiku wa manane na mtu aliyechoka?

Wamarekani wenyewe wamewahi kujifunza somo la namna hii. Mwaka 2004 Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali zao, kilitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku. Miongoni mwake ni herufi U iliyofupisha kizio cha insulini, kwa kuwa ilisomeka kama sifuri, na dozi ya 10 ikaweza kuonekana 100.

Najua nitajibiwa kwamba watumishi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli, na deni hilo ni la serikali. Lakini kuandika jina la kipimo na kizio chake huchukua sekunde chache. Muda anaouokoa mwandishi hulipwa na msomaji, na hatimaye hulipwa na mgonjwa.

Ninyi watumishi wa umma mnalifahamu jambo hili vizuri: kumbukumbu isiyosomeka mwandishi wake akiondoka si kumbukumbu ya umma. Basi wizara na hospitali zichapishe fomu yenye majina, vizio, tarehe na saa, nafasi ya namba tu ikiachwa wazi. Walimu wa udaktari waufundishe mchoro kama msaada wa kumbukumbu, na wakatae kuupokea kwenye faili. Nawe mwanafunzi, ukiuchora, jiulize atakayeusoma kesho ni nani, na kama utakuwapo umweleze.

Mama mkubwa amepona. Fedha ya vipimo vilivyorudiwa hatujarudishiwa, wala hatukuambiwa tuidai kwa nani.