Kao wa 1966 angepita usaili wenu?

Haya wasomaji, leo sina programu ya kuwaonyesha. Nina hasira tu.

Juzi rafiki yangu, tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta kabla hajahamia fotoniki (elimu ya kuutumia mwanga kubeba habari), alirudishiwa rasimu ya utafiti wake na msimamizi. Kosa halikupatikana. Ushauri ulikuwa mmoja: ikate iwe karatasi tatu, ili irejelewe na watafiti wengine mara tatu na "namba zako zipande". Yaani kama bucha anayekupimia nyama pamoja na mifupa.

Namba hizo ni zipi? Kubwa yao ni kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na karatasi 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, h yako ni 10. Ningeweza kuiandikia programu fupi nikisubiri chai ichemke: panga karatasi kuanzia iliyorejelewa zaidi, hesabu kushuka, simama. Sasa tazama tatizo. Karatasi iliyorejelewa mara 10,000 haiwezi kukuongezea zaidi ya 1. Andika jambo moja litakaloibadilisha dunia, kisha nyamaza, h yako ni 1.

Mchukueni Charles Kao. Mwaka 1966, akiwa na miaka 32 katika maabara ya Standard Telecommunication Laboratories mjini Harlow, Uingereza, alichapisha karatasi pamoja na George Hockham. Wakati huo faiba ilikuwa ikipoteza desibeli kama 1,000 kwa kilomita. Kwa lugha ya kawaida, mwanga ukisafiri mita 20 tu, inabaki asilimia 1. Kupiga simu kwa kitu kama hicho ilikuwa ndoto. Hao wawili wakasema kioo chenyewe hakina kosa, kosa ni uchafu uliomo ndani yake. Kikisafishwa, upotevu unaweza kushuka hadi desibeli 20 kwa kilomita au chini yake, na hapo mawasiliano yatawezekana. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa Corning, Marekani, wakafika 17. Faiba za leo hupoteza kama 0.2, yaani baada ya kilomita nzima bado una asilimia 95 ya mwanga wako.

Kati ya 1966 na 1970 Kao alifanya nini? Alipima vioo. Alizunguka maabara na viwanda, hadi Marekani na Japani, akiwasihi watu watengeneze kioo kisafi. Kwenye kipimo cha h hakuna safu ya kusihi watu. Hakuna safu ya hataza pia, na watu wa viwandani huziweka kazi zao nyingi humo.

Kuna kichekesho kingine. Wazo likishakuwa la kawaida kabisa, watu huacha kulirejelea. Mhandisi anayeunganisha faiba Mombasa leo haandiki popote "Kao na Hockham, 1966". Kabla ya kebo za SEACOM na TEAMS kufika hapo mwaka 2009, Kenya ilikuwa ikitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa. Nilikuwa shule ya msingi. Oktoba ya mwaka huohuo Kao akatangaziwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia, miaka 43 baada ya karatasi yake.

Sisemi Kao alionewa. Aliheshimiwa, hata akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong. Nauliza tu: kijana wa leo anayetaka kutumia miaka minne kusafisha kioo, nani atamlipa mshahara wakati namba zake zimelala?

Najua mtaniambia bila namba vyeo vitagawanywa kwa undugu. Kweli kabisa, na ndiyo hoja pekee upande wenu ninayoiheshimu. Mtoto wa maskini asiye na mjomba kwenye kamati anaweza kuonyesha namba. Lakini undugu umeshajifunza hesabu: wewe nirejelee, mimi nikurejelee, sote tupande. Hirsch mwenyewe aliandika mwaka 2020 kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Kampuni moja niliyofanyia kazi ilikuwa ikitupima kwa mistari tuliyoandika. Wiki moja nilifuta mistari 4,000 isiyo na kazi, mfumo ukaenda mbio, na kwenye ripoti nikaonekana nimefanya kazi hasi. Mwenzangu aliyenakili faili zima mara mbili akapongezwa mbele ya chai na mandazi.

Kwa hiyo wanakamati, rafiki yangu akija kwenye usaili, mwambieni alete karatasi tatu anazojivunia, au hiyo moja ambayo hakuikata. Isomeni. Ikiwashinda, muiteni mtu wa fotoniki awaeleze, hata kwa simu. Simu yenyewe itapita kwenye faiba.