Mashine ya jukwaa haieleweki kwa video. Ijenge!

Wasee, kuna jibu moja linanichosha kila tukiongea historia ya maigizo: "Si utafute tu video?" Apana. Kwa mashine za jukwaa za zamani, video inakudanganya tu kwamba umeelewa.

Chukua ile ya Giacomo Torelli, Mwitaliano aliyefanya kazi Venice miaka ya 1640. Pazia liko wazi, watu wanatazama, na msitu unageuka kuwa ikulu kwa sekunde chache. Hakuna stima, hakuna mota. Chini ya sakafu ya jukwaa kuna vigari vya mbao. Kila kigari kina mlingoti unaopenya juu kupitia mwanya kwenye sakafu, na mlingoti huo umebeba ubao uliochorwa miti au nguzo. Kamba za vigari vyote zinaenda kwa gogo moja la mviringo katikati. Zungusha gogo, kila kitu kinasonga pamoja.

Umeelewa, sindio? Haya, niambie: gogo linazunguka upande mmoja tu. Mbona msitu unatoka wakati ikulu inaingia?

Hapo ndipo unahitaji boksi la viatu. Vizibo vya soda ni magurudumu, vijiti vya aiskrimu ni milingoti, kipande cha mpini wa ufagio ndicho gogo. Ukianza kufunga nyuzi, vidole vinapata jibu kabla ya kichwa. Uzi wa kigari cha kwanza unapitia juu ya gogo, wa mwenzake chini. Gogo likizunguka, mmoja unajikunja na mwingine unajikunjua. Uzi wa tatu unaunganisha vigari hivyo viwili kwa nyuma kupitia puli ndogo, ili kimoja kikienda mbele kivute kingine nyuma. Unataka wingu lishuke polepole kuliko miti inavyosonga? Uzi wake uzungushie sehemu nyembamba. Gogo la kipenyo cha sentimita 7 linavuta karibu sentimita 22 kwa mzunguko mmoja, la sentimita 3.5 linavuta 11. Ni ile pai ya darasani, tena mara hii ina kazi.

Na hizi si hadithi za vitabuni. Drottningholm, karibu na Stockholm, kuna ukumbi wa 1766. Mfalme Gustav III alipouawa 1792 uliachwa, hadi 1921 Agne Beijer alipoingia akakuta mashine bado ziko. Zilifungwa kamba mpya na zinafanya kazi mpaka leo. Mawimbi ya bahari ni magogo yaliyochongwa kama skrubu, yanazungushwa kwa mkono. Radi ni sanduku la mawe linaloinamishwa. Maze, sanduku la mawe!

Watu wa simulesheni, najua mko hapa. Kwa skrini kitu kinasonga juu umekiamuru kisonge. Uzi haukusikizi. Ukilegea kidogo, msitu wa kushoto umeshafika na wa kulia bado uko njiani.

Naongea haya sasa kwa sababu mtaala mpya una somo la maigizo na filamu sekondari ya juu, na naogopa tutalifanya vile tumezoea. Kwenye drama za shule, waigizaji wanapigiwa makofi na wanaobeba meza gizani hakuna anayejua majina yao. Tutaandika noti: Torelli, tarehe, mchoro, mtihani. Mwanafunzi atapata alama zote na hawezi kufanya mlango mmoja wa jukwaa usonge. Na ni huyo huyo aliyetengeneza gari la waya lenye usukani akiwa na miaka minane bila kufunzwa na mtu.

Msiniambie pesa. Hapa gharama kubwa ni gundi. Kitu modeli haiwezi kukupa ni uzito: kamba ya ukweli ikikatika, mtu anaumia, kwa hivyo baada ya boksi lazima kuwe na jukwaa halisi na mtu anayelijua.

Lakini mtihani wa kwanza ningeuweka hivi. Leta boksi lako mbele ya darasa, zungusha mpini mara moja, msitu uwe ikulu. Ikikwama, una dakika 10 za kutafuta ni uzi gani umelegea, na hizo dakika 10 nazo zina alama.